Ngumi Niliyoisahau Hewani

Jamani, hili jambo nimelificha muda mrefu, na hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimejifunika uso na mwiko bado uko mkononi, lakini kwa kuwa mmenibana niseme kwa nini sifundishi tena muziki shuleni, basi nitasema, na mtakaocheka chekeni, ila msiniulize mara ya pili. Mimi mnayeniona hapa ndiye niliyesababisha mwalimu mkuu wa shule ya kanisa abandikwe noti kwenye paji la uso, mchana kweupe, mbele ya askofu, huku kwaya ya wasichana ikimwitikia.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa bado na kiuno na sauti. Nilikuwa na kazi mbili. Katikati ya wiki nilikuwa Mwalimu Atieno, mwalimu wa muziki wa kibarua katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Homa Bay, sketi chini ya magoti, kitambaa kichwani, do re mi fa so ubaoni. Wikendi nilikuwa Migori, pale Suna, naimba na bendi kwenye hoteli moja, gauni la kumetameta, na huko hakuna aliyemjua Atieno, niliitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu kwetu ni huko ziwani. Msidhani nilikuwa mroho. Kuimba peke yake hakukunipa mahali pa kulala, na kufundisha peke yake kulinifanya nijione kama nguo nzuri iliyofungiwa sandukuni. Nilipenda vyote viwili. Na wale wasichana wa kwaya niliwapenda vibaya sana, nasema ukweli, nilikuwa nikiwa Suna naimba huku nafikiria sauti zao za tatu kama zimekaa sawa.

Shida ilikuwa mwalimu mkuu, Madam Dorka. Mama mrefu, mnyoofu, akipita kwenye veranda hata kuku wa jirani walikuwa wananyamaza. Siku aliyoniajiri aliniangalia juu ya miwani akaniambia, "Mwalimu, hiyo sauti ni zawadi ya Mungu. Siku nitasikia umeiimba mahali kuna chupa, siku hiyo hiyo utafunga mizigo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madam," nikajibu (haraka mno, mtu asiye na la kuficha hajibu haraka hivyo). Na siku zilivyokwenda akanipenda, akaanza kusema bodi ikikaa atawaomba waniajiri kabisa, nipewe na nyumba ndogo ile ya nyuma ya bwalo. Mimi tayari nilikuwa nimeshachagua rangi ya pazia. Kwa hiyo mjue nilichokuwa nacho cha kupoteza.

Sasa, kwa ninyi msiotoka upande wetu, lazima niwaeleze pakruok, la sivyo hamtaelewa kilichonikuta. Kwetu, bendi ikiwa inapiga, mtu akisikia damu imemchemka anasimama, anasimamisha muziki, anashika kipaza sauti na kujisifu. Anataja jina lake, kwao, marafiki zake, anajipamba kwa maneno matamu na ya uongo mtamu, halafu anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso lenye jasho na muziki unalipuka tena. Hiyo ndiyo pakruok. Si fujo, ni heshima. Na kama wimbo unaopigwa ni wako, umetungiwa wewe, basi kukaa kwenye kiti ni kuitukana bendi, lazima usimame.

Bendi yetu ilikuwa na ishara yake. Mtu akiinua mkono kutaka kujisifu, mimi nainua ngumi. Ngumi ikiwa juu, magitaa yanashuka chini kabisa, yananong'ona tu, hayanyamazi, mpaka mtu amalize. Ngumi ikishuka, kila kitu kinalipuka. Niliifanya ishara hiyo mara nyingi mno, mkono ukawa unajiendesha wenyewe.

Basi Siku ya Wazazi ikakaribia. Madam Dorka akataka wimbo mpya kabisa wa kusifu elimu, maana askofu wa lile kanisa lenye shule alikuwa anakuja kuwa mgeni wa heshima. Nikasema nitatunga. Kila jioni nikikaa nitunge, usingizi unanichukua na kalamu mkononi, kwa sababu ya huo mwendo wa kwenda Suna na kurudi, na kichwani mwangu hakukuwa na kitu isipokuwa wimbo mmoja tuliokuwa tunaupiga kila Jumamosi mpaka watu wanaumwa na miguu. Ulikuwa wimbo wa Okumu. Okumu alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Karungu, tumbo mbele, moyo mzuri, mpenzi mkubwa wa bendi, na tulimtungia kwa Kiswahili ili hata Wakuria na watu wa dukani waimbe naye: *Okumu, Okumu, Okumu taa ya Karungu.*

Na ndipo shetani akaniletea wazo, tena akaniletea nikiwa naoga. O-ku-mu. E-li-mu. Jamani si ni sawasawa? Ka-ru-ngu, u-li-mwe-ngu, hapo unabana kidogo tu. *Elimu, elimu, elimu taa ya ulimwengu.* Nikatoka bafuni bado nina sabuni shingoni, naimba. Wimbo mzima uligeuka kanisa kabla sijavaa. Hata pale katikati, mahali pa pakruok, sikupapoteza, niliweka msichana mmoja asogee mbele akariri shairi la faida za elimu, huku wenzake wakivuma kwa midomo iliyofungwa. Na ishara ya kuvuma? Ngumi yangu, ile ile. "Ngumi ikiwa juu," niliwaambia, "hata nyumba iungue, mnavuma. Hakuna kunyamaza mpaka niishushe." Wakasema ndiyo Mwalimu, na walikuwa wasichana wa kushika neno.

Msichana mmoja tu wa sauti ya pili, Beryl, ndiye aliyebaki nyuma siku moja baada ya mazoezi akaniambia, "Mwalimu, hii wimbo ni kama naijua. Ni kama nishaisikia nyumbani."

"Nyimbo zote zina undugu, Beryl," nikamwambia kwa sauti ya msomi. (Undugu! Sikumuuliza hata nyumbani kwao ni wapi.)

Siku ikafika, Ijumaa. Mahema yamefungwa uwanjani, jenereta inanguruma nyuma ya maabara, spika kubwa ya mabati imetundikwa juu ya nguzo inatoa sauti ya mtu aliyeingia kwenye mtungi. Askofu yuko mbele kwenye kochi lililotolewa sebuleni kwa Madam, Madam kando yake na kofia ya manyoya, wazazi wamejaa mpaka wengine wamekaa kwenye majani. Mimi nikawapanga wasichana wangu, sare zimepigwa pasi, nikasimama mbele yao, uso kwao na mgongo kwa wageni, kama kondakta anavyosimama. Huo mgongo ndio ulioniponza, kwa sababu sikuona chochote kikija.

Wakaanza. Na waliimba, nawaambia, siku hiyo waliimba mpaka nikasikia ngozi ya mikono inasimama. Lakini tulipofika kiitikio nikaanza kusikia kitu nyuma yangu ambacho hakisikiki kwenye Siku ya Wazazi. Watu walikuwa wanapiga makofi ya kukatisha, yale ya Suna. Halafu nikamwona Beryl. Macho yamemtoka, anaimba lakini anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayemkataza ng'ombe kuingia shambani, na hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia juu ya bega langu.

"Simamisha! Nyar Karungu, simamisha hapo!"

Nilijua hiyo sauti kabla sijajua niko wapi. Na mkono wangu, ndugu zangu, mkono huu hapa, ukapanda. Ngumi juu. Wasichana wote kwa pamoja, kama maji yaliyofungwa bomba, wakashuka, mmmmmm, safi kabisa. Yule wa shairi akapiga hatua kukiendea kipaza sauti, lakini kabla hajafika kilikuwa kimeshachukuliwa na Okumu wa Karungu, ndani ya suti ya kahawia, jasho linamtoka kwa furaha. Kumbe kwenye ile spika ya mabati hukuwa na njia ya kujua kama ni elimu au ni Okumu. Yeye alisikia jina lake. Alisikia wasichana wa shule nzima, mbele ya askofu, wanaimba jina lake, na angekaaje chini?

Hapo bado ningeweza kujiokoa. Ningesema, mzee, samahani, tuendelee. Lakini niligeuka, nikamwona, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa ile sauti ya chini, ya kukwaruza, ya Jumamosi, na kipaza sauti kikaipeleka mpaka barabarani.

"Pakri, jaduong'! Jisifu, mzee! Suna nzima inakusikiliza!"

Suna! Nilisikia hilo neno likirudi kutoka kwenye ukuta wa maabara, nikaganda.

"Mimi ndio Okumu!" akasema Okumu. "Okumu wuod Karungu, mwana wa Karungu! Mtu wa kupima samaki na mkono na haikosei! Mimi nikikohoa Karungu, watu ya kisiwa ya Takawiri wanaanua nguo wakidhani ni mvua!" Wazazi wakalia kwa kicheko. "Nilileta mtoto yangu Beryl hapa nikidhani mnanijua kwa fees peke yake, kumbe mmenifunzia mpaka wimbo! Ero kamano! Asanteni sana! Na huyu mwalimu mnaona amevaa kama sista, nyinyi hamjui kitu! Huyu ni Nyar Karungu! Kujeni Suna Jumamosi muone vile anaimbia watu wakisimama kwa meza!"

Akanijia, akailamba noti kwa ncha ya ulimi, akanibandika kwenye paji la uso. Ilishika vizuri kwa sababu nilikuwa nimelowa jasho. Na mimi (hapa ndipo najificha uso hata nikiwa jikoni), mimi kwa mazoea yale yale ya kijinga nikasema kwenye kipaza sauti, "Asante, wuod Karungu! Weita, huyu mzee meza yake iko kavu!"

Msichana wa Form One aliyekuwa anagawa soda akaja mbio na trei.

Sikuthubutu kumwangalia Madam. Niliona kofia tu, pembeni ya jicho, manyoya yanatetemeka. Nikataka kumaliza, lakini pakruok haimalizwi na mtu mmoja, ikianza kila mtu anataka lake, na kabla sijafikiri akasimama Bwana Salim, mwenye duka la vitambaa pale Suna, mtu wa pwani aliyekuja bara na biashara yake, na shule ilikuwa ikinunua kwake vitambaa vya sare. Masikini, alidhani ni wakati wa shukrani.

"Nami naomba radhi, mila zenu sizijui vyema," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kofia yake nyeupe mkono huu na kipaza sauti mkono ule. "Lakini maadamu bibi huyu anasifiwa, nami nimsifu. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Kila kitambaa cha kumeremeta kiingiapo dukani, wa kwanza kukatiwa ni yeye. Hata mimi hujiuliza, bibi huyu ataolewa mara ngapi?"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata wapishi walitoka jikoni. Mimi nimesimama katikati, noti usoni, ngumi bado iko juu kwa sababu nilikuwa nimeisahau kabisa, na nyuma yangu wasichana wanavuma. Wanavuma tu. Nilikuwa nimewaambia hata nyumba iungue, na nyumba ilikuwa inaungua, wao wanavuma, nasikia wanavyobadilishana pumzi kama nilivyowafundisha, hakuna sauti hata moja iliyoyumba.

Ndipo Madam Dorka akainuka.

Alitembea polepole, akamnyang'anya Bwana Salim kipaza sauti bila kumwangalia, akageukia wazazi, na hasira zilikuwa zimemkaba kiasi kwamba alianza na jina lake, kama mtu anayejikumbusha yeye ni nani.

"Mimi ni Dorka Anyango!" akasema.

"Ayaa!" wakaitikia wazazi.

Nikafunga macho. Nikasema moyoni, Madam, usianze hivyo, tafadhali, anza na habari za mchana.

"Mimi ndio mwalimu mkuu wa hii shule! Sikuzaliwa kwa baa na sikulelewa kwa baa!"

"Pakri, mama! Pakri!"

"Hapa ni kwangu! Hakuna mtu anaweza kuja hapa anipande kichwa!" Kila alivyozidi kuwakemea ndivyo alivyozidi kujisifu, na tena vizuri kuliko Okumu, kwa sababu Okumu alikuwa anatunga na yeye alikuwa anamaanisha. Akina mama wakapiga vigelegele, mabibi wakasimama na kanga zinapepea. "Mahali Dorka amesimama, pombe haijawahi kusimama!"

"Huyo ndiye mwanamke!" Okumu akapiga kelele, na kabla mtu yeyote hajamzuia alikuwa ameshafika, amelamba noti, amembandika Madam Dorka kwenye paji la uso, chini kidogo ya manyoya ya kofia.

Mshtuko uliniangusha mkono. Nawaapia sikuushusha, ulianguka wenyewe. Na ngumi ikishuka, mnajua kinachotokea. *Elimu, elimu, elimu taa ya ulimwengu!* Wasichana wangu wakalipuka kwa nguvu zote za pumzi walizokuwa wamezibana muda wote ule, na uwanja mzima ukaimba nao, nusu wanasema elimu, nusu wanasema Okumu, na kiatu cha askofu, nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa kinapiga chini taratibu. Madam alisimama katikati, kipaza sauti kinaning'inia mkononi, noti usoni. Nilitegemea aniangalie kwa hasira. Lakini uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa mdogo, na midomo ilitetemeka kama ya mtu aliyeguswa asipotarajia. Kisha akaibandua noti, akaikunja, akarudi kwenye kiti chake.

Aliniita ofisini wazazi walipokuwa bado wanakula. Noti ilikuwa mezani mbele yake, imekunjuliwa. Nikapiga magoti, sina aibu kuwaambia, nilipiga magoti.

"Inuka, Mwalimu," akasema. "Hawa wasichana hawajawahi kuimba vile. Hiyo ndio inaniuma."

"Madam, nitaacha Suna. Leo leo. Nitawaambia bendi watafute mwingine."

"Huwezi. Nimekusikia." Akaigusa noti kwa kidole. "Unajua tangu nianze kazi hii hakuna mtu amewahi kunipigia vigelegele? Wananiogopa tu. Leo nilikuwa nawagombeza na wao wananisifu, na mimi nikasikia raha. Mbele ya askofu. Raha kabisa." Akaitazama miwani yake kana kwamba ina makosa. "Nikikuacha hapa, kesho nitatafuta sababu ya kusimama tena kwa hiyo mic. Na nilikwambia siku hiyo hiyo. Dorka akisema kitu, amesema."

Ningelia kama angenitukana, lakini hakunitukana.

Nilifunga mizigo, sanduku moja na ile redio yangu ya kaseti, nikatoka kabla jua halijashuka. Wasichana wa kwaya walikuwa wamesimama kwenye ua karibu na lango, bado na sare zao, hakuna aliyewaambia wala aliyewafukuza. Beryl alikuwa mbele, amelia mpaka macho yamevimba, nadhani alifikiri ni kosa la baba yake. Nilitaka kumwambia si kosa la baba yake, ni kosa la mwalimu mvivu aliyetunga wimbo bafuni, lakini nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele yao. Nikasema basi niwapungie tu niende. Mkono mmoja ulikuwa na sanduku, na kwa huu mwingine nilikuwa nimeshika ufunguo wa chumba ambao nilisahau kuurudisha, nimeukamata kwa nguvu, na nilipouinua kuwaaga ulipanda vile vile ulivyofumbwa.

Wakaanza kuvuma.

Wote, sauti zote tatu, mmmmmm, wananiangalia. Na mimi nikatembea kinyumenyume barabarani na ngumi juu, watu wa sokoni wananishangaa, kwa sababu sikuweza kuishusha. Nikiishusha wataimba, na wakiimba wimbo utaisha.

Kwa hiyo mkiniona leo naaga mtu kwa vidole vilivyotanuliwa kama mtoto mchanga, msinicheke. Niliapa pale pale barabarani kwamba ngumi hii haitapanda tena mbele ya kwaya yoyote. Bado naimba Suna mara moja moja, na mtu akitaka kujisifu nawaambia wapiga gitaa kwa kichwa. Wale wasichana hawakuona nikishusha mkono. Nilipinda kwenye kona nao bado wanavuma.